Mama Boaz na Watu wa Mashineni

Justa, ambaye upande wa Samuye karibu kila mtu humwita Mama Boaz, hakuwa mtu wa kuamini haraka. Akinunua mafuta ya taa hunusa kwanza. Akipewa uji ugenini husubiri mwenye nyumba aonje, na akishaonja bado humtazama kidogo kabla ya kupokea bakuli. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba siku atakapokufa atamsimamisha malaika mlangoni amdai kitambulisho.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukitilia shaka tangu utotoni, nacho ni mvua. Ilikuja Novemba, ikapumzika kidogo katikati, kisha ikashuka tena mpaka majaruba ya mpunga yakajaa na vyura wakawafanya watu wasisikilizane. Miaka mingine ilichelewa, watu wakanung'unika, lakini ilikuja. Halafu mvua nayo ikaanza kumgeuka. Mwaka mmoja ilikawia mpaka ng'ombe wakawa wanaanguka njiani kabla ya kulifikia lambo la maji, na watu wakauza madume yao kwa bei ya mbuzi. Mwaka uliofuata ikaja kwa hasira, ikabomoa kingo za majaruba, ikaondoka na choo na nusu ya shamba la mtama. Kisha ukaja msimu ambao ilianza vizuri, watu wakashawishika wakapanda, halafu ikakata. Miche ya mpunga ikakauka ikawa na rangi ya nyasi za paa kuukuu. Boaz, mwanawe wa pekee, akakunja nguo zake akaenda Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Tangu hapo kuna kitu kikamkaa Justa kifuani. Akawa anaamka alfajiri, anatoka uani, anaweka kiganja juu ya macho na kutazama upande ambao mawingu hutokea. Kisha anainama, anachimba kwa kidole kuona kama udongo una unyevu. Redio ikitaja utabiri wa hali ya hewa moyo unamwenda mbio kama amekimbizwa. Chakula kikawa hakipiti. Mikono ikitaka kazi, akaanza kuhifadhi maji. Alichota kisimani asubuhi kabla ya wenzake, akajaza madumu, akajaza ndoo, akajaza vyungu alivyorithi kwa mama yake, vyote akavipanga katika chumba cha Boaz na kuvifunika. Mlango akautia kufuli. Kila akiutazama ule mlango anapata nafuu, na nafuu yenyewe haifiki jioni.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi Dorika, mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye watoto wadogo na mume aliyehamia Bukombe kutafuta mashamba mapya. Dorika alikuwa akimwona Justa kila alfajiri amesimama na mkono juu. Siku moja alikuja kuomba chumvi akaukuta mlango wa chumba cha Boaz uko wazi.

"Mayu," akamwambia, kwa lile neno la Kisukuma la kumheshimu mama, "haya yote ya nini?"

"Ya kunywa."

"Vyungu vyote hivi? Unakunywa na nani?"

Justa akamkabidhi chumvi na kuufunga mlango. Lakini aliliona lile jicho.

Baada ya hapo salamu zikapungua. Alipofika kisimani wanawake walinyamaza, wakampisha haraka mno. Siku moja mmoja wao akasema, kana kwamba anaongea na ndoo yake, "Huko juu maji hayajaisha. Kuna watu wameyafungia ndani."

Justa alielewa. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa moshi wa jikoni na kwa kukosa usingizi, na alijua macho mekundu ya mjane wa umri wake husomwaje katika nchi hii. Alijua yaliyowapata wanawake wengine walioitwa wachawi. Akaanza kuwatilia shaka watu wote. Mtu akimsalimia anajiuliza anatafuta nini. Asiposalimiwa anajiuliza wamekwisha kukubaliana lini.

Alhamisi moja alipeleka gunia lake la mwisho la mpunga kukobolewa Tinde. Mashine ya kukoboa pale iko nyuma ya barabara kuu, na mchele unaotoka huuzwa palepale na wanawake waliopanga masinia. Wakati anasubiri zamu, kukatokea kiwingu chembamba upande wa mashariki. Justa akasahau gunia, akasahau watu, akakitumbulia macho. Akajikuta amevutwa mkono, pikipiki ikapita mahali alipokuwa amesimama.

Aliyemvuta alikuwa muuza mchele mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aitwaye Serafina.

"Shikamoo, mama. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia." Justa akauchomoa mkono wake.

"Na wewe unakiangalia kile," Serafina akasema, akionyesha juu kwa kidevu. "Moyo unakwenda mbio, siyo? Halafu kikipita bila kitu unatamani kulia."

Justa akamkazia macho. "Nani amekuambia habari zangu?"

"Hakuna. Nazijua kwa kuwa ni zangu. Mama, mchana mashine ikipumzika huwa tunakaa kwenye banda la pumba pale nyuma, watu wachache tuliopatwa na hilohilo. Tunaongea tu. Kaa leo."

Machale yakamcheza Justa. Tinde ni njia panda, na njia panda watu hupigwa. Alikwisha kuwaona wauza dawa za kuongeza nguvu, wahubiri wa makanisa mapya, na wale wanaokusanya vikundi leo na kesho hawapatikani kwenye simu. Lakini gunia lake lilikuwa bado halijafikiwa. Akakaa, karibu kabisa na mlango, mkoba mapajani.

Walikuwa wachache kweli. Hakuna aliyesimama kufundisha. Serafina alianza, akasema kwao ni Ushirombo, na kwa miaka mingi yeye na mumewe walirina asali. Msimu ule wa ukame maua ya msituni hayakufunguka, nyuki wakaondoka, mizinga ikabaki inaning'inia mitupu. "Nilikuwa nikiigonga mizinga ile nasikiliza," alisema. "Nikaanza kusikia mapigo ya moyo kila mahali. Nilikwenda zahanati wakanipima presha, wakapima malaria. Hakuna kitu. Nikajua nina wazimu. Mpaka nilipokutana na huyu hapa kwenye foleni ya mashine, naye ananihadithia yake, nikamwambia, kaka, hebu nyamaza kwanza, hayo ni yangu."

Watu wakacheka. Justa hakucheka.

Mwalimu mmoja kijana, Rebeka, akasema yeye huwafundisha watoto darasani kwamba dunia inapata joto na majira yanabadilika, anachora ubaoni, anasahihisha madaftari. "Najua sababu zote," alisema, "na kujua hakujanisaidia kulala. Mchumba wangu anataka tufunge ndoa tupate mtoto. Kila akitaja mtoto namfikiria akiwa na umri wangu, anachimba lambo lililokauka. Sijathubutu kumwambia."

Hakuna aliyemwambia asiogope. Baadaye Justa aligundua kwamba hiyo ndiyo kanuni yao pekee. Neno "usiogope" halitumiki pale.

Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Ndiyo. Mnauza nini?"

"Mimi nauza mchele," Serafina akajibu. "Lakini si hapa nyuma."

"Kuna jina la kuandikisha?"

"Hakuna."

"Kuna mchungaji nyuma yenu? Kuna watu wa kutafuta mashamba ya kununua?"

"Mama, nyuma yetu kuna pumba tu."

Justa akachukua mchele wake akaondoka. Njiani alipekua mkoba mara mbili kuona kama kuna kitu kimetolewa au kuwekwa. Usiku ule akalala mpaka kukapambazuka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miche ikauke. Hilo nalo likamtia shaka. Hakuwa amekula wala kunywa chochote kwao. Basi walimfanyaje?

Alirudi Alhamisi iliyofuata, kwa nia ya kuwachunguza, kama alivyojiambia mwenyewe. Siku hiyo alizungumza Theonest, yule mwanaume ambaye Serafina alikutana naye kwenye foleni. Alikuwa mfugaji, ng'ombe wake walipokwisha alikwenda Geita kuchimba.

"Mimi mvua isiponyesha naogopa njaa," alisema. "Ikinyesha naogopa duara. Siku ile tulikuwa chini. Tukasikia radi huko juu, mvua ya kwanza ya msimu. Mvua hiyo nilikuwa nimeiomba kwa Mungu kwa machozi. Maji yakaanza kumiminika shimoni, nikawa napanda kamba huku naitukana. Nilitoka. Mwenzangu aliyekuwa chini yangu hakutoka. Sasa watu wakifurahia mawingu mimi natetemeka, nami ni mfugaji!"

Justa alisimama. Mkoba ukaanguka.

"Mwanangu yuko huko," alisema. "Mmeniita hapa mnitie hofu ya pili? Ile moja haikunitosha?"

Alitoka bila kuaga. Barabarani alimpigia Boaz.

"Boaz, umeshuka duarani leo?"

"Mama, nani amekutisha? Mimi niko kwenye karasha, nasaga mawe. Sishuki."

"Unasema kweli?"

"Kweli, mama."

Hakumwamini. Lakini tangu kijana aondoke walikuwa wakiongea habari za afya na vocha tu, na siku hiyo Justa alimwambia kwamba hapati usingizi, kwamba anaogopa mvua isije na sasa anaogopa ije. Kisha Boaz akasema, kwa sauti ya kitoto ambayo Justa alikuwa amekwisha kuisahau, "Hata mimi huku naangalia juu kila siku, mama."

Ndipo Alhamisi nyingine akarudi tena mashineni, akamwomba radhi Theonest, na kwa mara ya kwanza akazungumza. Alieleza alfajiri zake. Vyungu hakuvitaja. Alifika karibu kuvitaja, ndipo kivuli kikaangukia pumba. Pale mlangoni alikuwa amesimama Dorika, vumbi mpaka magotini, amefunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kwa ugomvi.

"Karibu, mama, ukae," Serafina akamwambia.

"Sikai. Nimekuja kuona huyu kila Alhamisi anakwenda kwa akina nani." Dorika akawatazama mmoja mmoja, akamtazama na mwalimu, akageuka akaenda zake.

Kila kitu kikajipanga kichwani mwa Justa: kumbe alivutwa mkono siku ile makusudi, akakalishwa, akaachwa aongee mwenyewe mpaka akiri mbele ya shahidi.

"Nani amekutuma?" akamwuliza Serafina.

"Yule simjui, mama."

"Unamjua. Alijuaje mahali?"

"Amekufuata."

"Ndivyo ungesema," Justa akajibu, akaondoka, akaapa harudi.

Haikupita wiki, mzee Mwigulu, mwenyekiti wa kitongoji, akatuma ujumbe kwamba Jumamosi asubuhi kutakuwa na baraza uani kwa Mama Boaz, na kwamba ufunguo wa kile chumba uwepo. Justa aliwaza kukimbilia Geita kwa mwanawe. Alikwisha kufunga kitenge chenye nguo. Kisha akafikiri kwamba anayekimbia amekwisha kujihukumu, akakifungua.

Jumamosi uani palijaa. Walikuwapo vijana na fimbo zao, wanawake wa kisimani, na Dorika ameegemea ua wa minyaa. Justa alikuwa amekaa kwenye kigoda peke yake pikipiki mbili ziliposimama. Wakashuka Serafina, Theonest na mwalimu Rebeka. Wakawasalimu wazee, kila mmoja kwa shikamoo yake, kisha wakaja wakakaa chini, vumbini, kila upande wa kigoda.

"Mmejuaje?" Justa akanong'ona.

"Huyo mwenzako wa minyaa," Serafina akajibu. "Alirudi Tinde kututukana. Akasema mchawi wetu anafunguliwa mlango Jumamosi. Tukasema basi twende."

Justa alimtazama usoni akitafuta hila, akaona jasho tu na vumbi la barabara.

Mzee Mwigulu alisafisha koo. Hakuwa mtu mkatili. Alionekana amechoka kuliko wote. "Mama Boaz, watu wanasema umefunga mvua. Mimi sisemi. Nasema fungua, tuone."

Akafungua. Vijana wakatoa vyungu, madumu, ndoo, wakavipanga uani. Watu wakarudi nyuma. Mmoja akapaza sauti kwamba vimwagwe, mvua itoke. Wengine wakaitikia. Mwigulu akasita, kisha akaashiria, na kijana mmoja akakiinamisha chungu kikubwa kuliko vyote.

Maji yakatoka kwa mlio mzito, yakatapakaa kwenye udongo, yakanywewa upesi hata kabla ya kufika mlangoni. Na hapo ndipo Justa alipoona jambo ambalo hakulitegemea. Uani pote, bila kuambizana, watu waliinua nyuso. Vijana wa fimbo waliangalia juu. Wanawake wa kisimani waliweka viganja juu ya macho. Mzee Mwigulu mwenyewe alikuwa amefumbua mdomo kidogo, shingo imenyooka, anatafuta. Anga lilikuwa jeupe, tupu. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyo heshima, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha macho.

Kijana akashika chungu cha pili.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Dorika, imepasuka. "Acheni, jamani. Hayo ni maji. Ndama wangu hajanywa tangu jana, na ninyi mnamwagilia vumbi."

Alikuwa analia, na analia kwa hasira, kana kwamba kuna mtu amemlazimisha. Kijana akakiweka chungu chini taratibu.

"Kama si mvua," mzee Mwigulu akasema, "Mama Boaz, umeyaficha ya nini?"

Justa akahisi mkono wa Serafina mgongoni. Hakuuondoa. "Naogopa, mzee," alisema. "Sina jingine. Naogopa itakata moja kwa moja. Naamka naangalia juu, nikirudi ndani naweka maji. Yakiwepo napumua."

"Unaogopa kitu gani hasa?"

"Hicho mlichokuwa mnakitafuta nyote sasa hivi."

Mwigulu akaitazama ardhi iliyolowa, akasema baraza limekwisha, kufuli liondolewe mlangoni, na ndama wa Dorika anyweshwe. Watu wakatawanyika. Wachache waliaga.

Sitaki kusema mambo yakawa shwari. Mvua ilikuja baadaye, haba, ya kulowesha mtama tu, na hadi leo wapo wanaoamini ilitokana na kile chungu kilichomwagwa. Wapo wanaobadili njia wakimwona Justa. Naye bado huamka mapema, ila si kila siku, na akiamka hupiga simu: kwa Rebeka kama ni siku ya shule, kwa Theonest kama kuna radi. Boaz bado yuko Geita. Justa amejifunza kumwuliza moja kwa moja, na kijana amejifunza kumjibu ukweli, hata ile siku alipokiri kwamba huwa anashuka.

Alhamisi moja moja watu wa mashineni huja Samuye, wakakaa kivulini kwa Justa wakichambua mbegu za mtama wa muda mfupi huku wakiongea. Majirani wawili watatu wamejiunga. Dorika naye alianza kuja, mwanzoni akisimama, kisha akikaa mbali, haongei, anachambua.

Ilipita miezi kabla hajafungua mdomo. Siku hiyo alisema mume wake hapatikani kwenye simu, na hajui kama ni mtandao au ndiyo ameamua. Alisema alikuwa anaogopa mno mpaka akahitaji mtu wa kumlaumu, kwa sababu mawingu hayana mlango wa kubisha. Hakumwangalia Justa wakati anasema hivyo. Hakuomba msamaha, na hakuna aliyemtaka aombe.

Justa aliendelea kupeta mbegu. Alikuwa akimsikiliza kwa sikio lilelile la siku zote, linalopima kila neno kama lina kitu chini yake.

Dorika akasema polepole, "Mama Boaz, bado unaniogopa?"

"Ndiyo," Justa akamjibu.

"Hata mimi."

Serafina akawasogezea ungo mwingine katikati, mbegu zilikuwa bado nyingi.